Gari ya michezo au hachibaki kali? Barabara zetu zilishajibu zamani



Mfululizo wa wiki hii si wa chanjo wala uji wa lishe. Ni wa magari. Najua kuna watakaosema nesi ameishiwa mada, lakini anayekaa kwenye mabenchi ya kliniki hapa Bariadi anajua maongezi yanakoishia siku hizi. Pesa ya pamba imeingia, au mkopo umetoka, na nyumba inataka kuagiza gari Japani. Mama anataka ile fupi ya milango mitano, ambayo mlango wa buti unanyanyuka pamoja na kioo cha nyuma. Hiyo ndiyo hachibaki. Vitz, IST, Passo na Swift ni ukoo huo. Baba anataka gari ya michezo: iko chini, milango miwili, mngurumo mpaka Dutwa wasikie. Halafu shemeji anakuja na la kati: chukueni hachibaki kali, yaani fupi ile ile ya familia ila imewekewa injini yenye nguvu na springi ngumu.

Nani yuko sahihi? Badala ya kubishana, nimeona tufungue historia. Maana ubishi huu haukuanzia sebuleni kwenu. Umepiganiwa hapa hapa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 50, kwenye vumbi na tope kama hili letu, na matokeo yameandikwa. Twende taratibu, sehemu tano.

SEHEMU YA 1: Magari ya dukani kwenye tope

Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa Uingereza, wapenzi wa magari wa Kenya waliandaa mashindano ya kusherehekea. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka michache baadaye mashindano hayo yakaja kujulikana dunia nzima kwa jina la Safari.

Kinachotuhusu sisi ni kanuni ya mwanzo. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa makundi kwa bei. Kwa hiyo swali halikuwa "nani ana gari ya kutisha?" Lilikuwa swali la mzazi kabisa: kwa pesa hii niliyo nayo, gari ipi itafika?

Baadaye mashindano yakawa yanafanyika Pasaka. Mnajua Pasaka ya huku inavyokuwa: mvua za masika zimeshika, mito imejaa, barabara ya jana leo ni jaruba la mpunga. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Saba tu, jamani.

Na nani alishinda miaka hiyo miwili migumu kuliko yote? Watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari ile ile, Peugeot 404. Wazee wetu wanaikumbuka hiyo gari. Ilikuwa ya milango minne, iko juu, kiti cha nyuma kinakaa familia. Miaka ya 1966 na 1967 Peugeot 404 ilishinda pia, safari hiyo ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell.

Katikati, mwaka 1965, alishinda Mkenya Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wakiwa na Volvo PV544. Na haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika mashindanoni kabla yao. Kwa lugha yetu, mtumba. Hiyo Volvo naomba muikumbuke, tutarudi kwayo Sehemu ya 5 kwa sababu ya kinesi kabisa.

SEHEMU YA 2: Gari ya michezo nayo ilishinda

Sasa nisiwe hakimu wa upande mmoja. Baba watoto, hii ni yenu.

Mwishoni mwa mwaka 1969 Wajapani walianza kuuza Datsun 240Z. Boneti ndefu, milango miwili, iko chini, injini ya silinda sita. Gari ya michezo bila ubishi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann akaiendesha kwenye Safari akashika nafasi ya kwanza, na ya pili ikawa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe.

Lakini huo ushindi wa 1973 usomeni vizuri. Mehta na 240Z yake alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, gari ya ukoo wa Bluebird, ukoo wa magari ya kawaida ya kwenda kazini na sokoni. Walilingana kabisa. Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, ndipo Mehta akapewa. Tope letu liliwapa gari ya michezo na gari ya kawaida alama moja.

Miaka ya 1980 ikaja Toyota Celica, nayo ya milango miwili, ikashinda mara tatu mfululizo: 1984, 1985 na 1986. Baadaye ikaongeza nyingine nyingi. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi ya kwanza mpaka ya nne.

Kwa hiyo baba akisema "gari ya michezo inaweza barabara zetu," hadanganyi. Ila muulizeni swali moja kwa upole: ile Celica ilikuwa inafuatwa na nani?

Maana hizo timu zilikuwa na mafundi wanaosubiri kila kituo, magari ya spea, helikopta juu inayotazama kama kuna ng'ombe barabarani au mto umejaa. Shokapu ikichoka, inabadilishwa kwa dakika chache. Tairi halihesabiwi. Sasa sisi gari ikikatika mguu Ngulyati saa moja usiku, nyuma yetu kuna nani? Kuna fundi mmoja ambaye simu yake imezimika chaji, na spea ambayo lazima iagizwe Mwanza au Dar. Gari ya michezo ilishinda Safari pamoja na jeshi lake. Likiondoka jeshi, inabaki gari ya chini kwenye barabara ya juu.

SEHEMU YA 3: Hachibaki inapata meno

Turudi nyuma kidogo, tutoke nje ya Afrika Mashariki, tuone hii hachibaki kali ilizaliwaje.

Mwaka 1956 kulikuwa na mgogoro wa mfereji wa Suez, Misri. Mafuta yakawa adimu Ulaya. Uingereza ikataka gari ndogo inayokunywa kidogo, na mwaka 1959 fundi mbunifu Alec Issigonis akatoa Mini. Ujanja wake ulikuwa kuigeuza injini ikae kwa upana badala ya urefu, ili nafasi kubwa ya gari wabaki nayo watu na mizigo. Vitz na IST mnazoziona stendi zimerithi ujanja huo huo.

Mwaka 1961 John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, akaipa Mini injini ya nguvu. Ikashinda mashindano ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, ikiyaacha magari makubwa ya bei mbaya. Ila Safari haikushinda hata mara moja. Vigurudumu vyake vilikuwa vidogo kama vya toroli na tumbo lake liko karibu na ardhi. Shikeni hilo: udogo peke yake hautoshi. Ulaya lami ilikuwa imesaidia.

Ujerumani nao, kikundi kidogo ndani ya Volkswagen kikachukua Golf, gari ya familia, kikaiwekea injini ya nguvu za farasi 110. Golf GTI ikaanza kuuzwa 1976. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 tu. Wateja wakaja kwa mamia ya maelfu. Sababu mama yeyote anaijua: Jumatatu inapeleka watoto shule, Jumamosi unalaza kiti cha nyuma unapakia gunia, na Jumapili baba anapata raha yake barabarani. Gari moja, kazi tatu.

Na hapo ndipo Safari ikapata pambano halisi la hachibaki kali na gari ya michezo. Waitaliano walikuwa na Lancia Delta, hachibaki ya milango mitano iliyoanza kuuzwa 1979 kama gari ya familia, baadaye ikapewa turbo na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1988 Miki Biasion alishinda Safari nayo. Mwaka 1989 akashinda tena. Mwaka 1990 Celica ikalipiza, Björn Waldegård akiwa kwenye usukani. Mwaka 1991 Delta ikarudi na Juha Kankkunen. Mwaka 1992 Celica tena, na Carlos Sainz. Yaani ni kama ngoma za Wagika na Wagalu: huyu akicheza leo, kesho mwenzake anamjibu, na uwanja ni ule ule.

Baada ya hapo Safari ilikuja kutoka kwenye ubingwa wa dunia kwa miaka mingi, ikarudi 2021. Nani alishinda miaka minne ya kwanza tangu irudi? Toyota Yaris: Sébastien Ogier 2021 na 2023, Kalle Rovanperä 2022 na 2024. Na hiyo Yaris kwa Wajapani kwa miaka mingi iliitwa nani? Vitz. Ndiyo, mama, Vitz ile ile mnayoitania mitaani kwamba ni bebi woka.

Msikimbilie kumzomea baba watoto lakini. Yaris ya mashindano ni mnyama mwingine; imejengwa upya chuma kwa chuma, na nayo ina jeshi lake nyuma. Ninachowaonyesha ni mwelekeo. Hata wenye pesa za kujenga chochote wanachotaka, siku hizi wanaanza na umbo fupi, magurudumu yamekaa kwenye pembe nne, mkia hauburuzi.

SEHEMU YA 4: Sasa turudi Simiyu

Mkoa wetu ulianzishwa 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Lakini uchaguzi wa chombo cha familia hapa ni wa zamani kuliko mkoa.

Waulizeni bibi zenu. Miaka ya 1950 pamba iliposhamiri Usukumani na vyama vya ushirika vikakua, hadi vikaunda muungano wao wa Victoria mwaka 1955, pesa ya msimu ilinunua nini? Ng'ombe kwanza. Bati. Na baiskeli. Na hawakuchagua baiskeli ya mbio yenye usukani wa kuinama. Walichukua ile nzito nyeusi yenye keria imara nyuma, kwa sababu keria hiyo ilibeba debe la maji, gunia, mgonjwa, na mama mwenye uchungu. Mkokoteni wa ng'ombe ulipoingia, ulichaguliwa kwa kipimo hicho hicho: unabeba nini, unapita wapi.

Gari binafsi ilichelewa. Kwa miaka mingi kuagiza gari kulihitaji vibali na fedha za kigeni ambazo mtu wa kawaida hana. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mlango ukaanza kufunguka, na mitumba ya Japani ikaja kuwa mingi mpaka leo mwalimu au nesi anaweza kuota gari.

Barabara nazo zimebadilika. Lami ya Lamadi kuja Bariadi, kama kilomita 72, na ile ya kwenda Maswa mpaka Mwigumbi, zimetufungua. Mtu anatoka hapa kwenda Mwanza bila kuonja vumbi. Hapo hata gari ya chini inapita vizuri, nakubali.

Lakini nani kati yetu anaishi juu ya lami? Kwa mama mkwe ni Nkololo. Shamba liko ndani Itilima. Mazishi yako Meatu. Ukiacha lami unaingia kwenye ardhi tunayoiita mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Masika unanasa, unajaa kwenye tairi mpaka haligeuki, halafu mkokoteni uliopita jana umeacha mifereji miwili yenye kina. Gari iliyo chini inakalia tumbo katikati ya hiyo mifereji kama kobe juu ya jiwe. Magurudumu yanazunguka hewani, na baba anashuka na viatu vyake vya ngozi.

Hivyo kipimo cha kwanza kwa Simiyu si spidi wala milango. Ni nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Na hapa hachibaki kali zingine zinafeli vilevile: wameshusha springi, wameweka tairi nyembamba ya pembeni ili ionekane kali. Tairi la hivyo likiingia shimo, rimu ndiyo inapokea kipigo. Mkiipenda gari ya namna hiyo, ulizeni kwanza kama tairi za saizi nene zinaingia na kama springi za kawaida zinapatikana.

SEHEMU YA 5: Nesi anaongea sasa

Niliwaambia tutarudi kwenye Volvo ya 1965. Mwaka 1959 fundi wa Volvo, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa ncha tatu, huu unaopita kifuani na kiunoni. PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kabisa duniani kuuzwa nao. Kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie pia. Katika historia yote hii niliyowasimulia, kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa kuliko kombe lolote. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele mpaka nusu. Sijui dawa nyingi za kwenye kabati langu zenye uwezo huo.

Sasa pimeni gari zote mbili kwa macho ya mtoto.

Mtoto mchanga anatakiwa kukaa kwenye kiti chake maalumu, kimefungwa siti ya nyuma, uso wake ukitazama nyuma ya gari. Shingo yake bado laini, na hivyo gari ikigonga, mgongo wote unapokea nguvu badala ya shingo. Kumpakata hakutoshi, hata uwe na mikono ya kupura mtama. Kwenye mgongano anachomoka tu.

Gari ya michezo ya siti mbili haina nyuma. Maana yake mtoto atakaa mbele, na mbele kuna eabegi. Eabegi ikifumuka inagonga mgongo wa kile kiti kwa nguvu inayoweza kuua. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Hapo kwa familia yenye mtoto mchanga mjadala umeisha, wala hatujafika kwenye bei.

Gari ya milango miwili yenye kasiti kadogo nyuma je? Kisheria inaweza kuwa sawa. Kivitendo, jaribuni kuinama, kupenya nyuma ya siti ya mbele na mtoto amelala, mvua inanyesha, na wewe una mshono wa operesheni wa wiki mbili. Mtafanya siku tatu. Siku ya nne mtampakata. Ndivyo binadamu tulivyo, na ndiyo maana milango mitano ni suala la usalama.

Mjamzito: mkanda unavaa mpaka siku ya kujifungua. Ule wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, usikatize juu ya tumbo. Wa juu upite kati ya matiti, pembeni ya tumbo. Gari iliyo chini sana pia inakutesa kuingia na kutoka ukiwa na miezi minane. Hiyo niamini tu.

Mafuta. Tuseme mnazunguka kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Gari inayokwenda kilomita 16 kwa lita inataka lita 65. Inayokwenda kilomita 9 kwa lita inataka kama lita 115. Tofauti ni lita 50 kila mwezi. Chukueni bei kikomo ya EWURA inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisheni mara 50. Hiyo ndiyo pesa mnayolipia mngurumo. Familia nyingine itasema sawa, tunaimudu. Nyingine itaona ni bima ya afya ya nyumba nzima hiyo inaondoka kidogo kidogo.

Tena, gari yenye turbo haisamehi oili mbaya wala kuchelewa sevisi. Na gari kuukuu mno ina ushuru wa uchakavu bandarini, kwa hiyo ile "bei ya Japani" mnayoiona kwenye simu si bei ya kufikia Bariadi.

Basi nifunge hesabu. Kama nyumba ina mtoto na gari ni moja, gari ya michezo si ya kila siku hapa Simiyu. Historia imeonyesha inaweza barabara, lakini kwa gharama ya jeshi ambalo hatuna. Hachibaki kali ni suluhu ya haki kwa baba anayependa kuendesha, ikiwa tu haijashushwa, ina milango mitano, mikanda yote ya nyuma inafanya kazi, na spea zake fundi wa hapa anazijua. Na kama pesa inatosha hachibaki ya kawaida na kiti cha mtoto, au hachibaki kali bila kiti cha mtoto, chukueni ya kawaida na kiti. Furaha ya baba si kitu cha kudharau. Nyumba yenye furaha ni afya pia. Ila itafutiwe nafasi baada ya mtoto kufungwa mkanda.

Kazi ya wikiendi: kabla hamjalipa hata shilingi, muombeni jirani mwenye gari ya aina mnayoitaka awape nusu saa. Nendeni na mtoto na kiti chake kama mnacho. Mfungeni, mfungueni, mara tatu. Kisha baba ainame atazame chini ya tumbo la gari, mama ajaribu kufunga mkanda wa siti ya katikati nyuma. Halafu piteni ile njia ya kwa mama mkwe.

Nileteeni majibu kwenye maoni, na mtaje gari. Jumatatu tunarudi kwenye chanjo. Kadi za kliniki msizisahau nyumbani.